Artichoki ya Roma
Artichoki, iliyo ya ukoo mmoja na alizeti, ilitokana na mmea wa miiba unaoota mwituni kando ya Bahari ya Mediterania. Kinacholiwa ni tumba la ua. Likichelewa kukatwa hubaki pambo la bustani tu. Wakulima wa Italia walipendelea kupanda machipukizi yaliyong'olewa shinani, kwani miche ya mbegu mara nyingi hurudia miiba ya asili. Pishi tamu kuliko yote, pengine, ni la Wayahudi wa Roma, waliofungiwa ndani ya mtaa wao mwaka 1555 kwa amri ya Papa Paulo IV. Tumba huondolewa magamba magumu, hupakwa ndimu lisiwe jeusi, kisha hukaangwa zima mara mbili katika mafuta mengi, mpaka magamba yachanue, yawe ya kahawia na kuvunjika yakiguswa.