KABURI NI SHAHIDI



Ukitoka pwani ukenda bara hata ukafika Mkoa wa Manyara, utauona mlima Hanang', wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Karibu nao ziko mbuga za Basotu. Wilaya ya Hanang' zamani ilikuwa sehemu ya Mbulu, na huko hukaa Wabarabaig, wafugaji wa ng'ombe, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wamang'ati. Jina hilo si lao. Walipewa na Wamasai, na maana yake ni maadui.

Watu hawa humuheshimu sana maiti wao. Akifa mzee mwenye hishima, juu ya kaburi lake hujengwa kichuguu kirefu cha udongo na miti, nacho huitwa bung'eda. Shughuli yake huchukua miezi mingi, na jamaa wa mbali na karibu hukusanyika. Kisha watoto na wajukuu hurudi pale kumkumbuka. Nasaba zao hazikuandikwa vitabuni. Kitabu chao ni makaburi hayo.

Basi mwishoni mwa miaka ya 1960 ulianza mpango wa kulima ngano kwa msaada wa Kanada. Shirika la NAFCO likachukua takriban hekta 40,000, yakawa mashamba saba. Nchi ilihitaji mkate, na haja hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini trekta halijui kaburi. Wabarabaig walilalamika kuwa makaburi ya wazee wao yamelimwa mpaka yakawa sawa na ardhi. Mwaka 1981 wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu, Arusha, ikawapa haki. Kisha Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na mojawapo ya sababu zake ni kuwa wadai hawakuthibitisha kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi.

Zingatia jambo hilo, msomaji. Mtu aliyemzika babu yake mahali huambiwa alete ushahidi wa wenyeji wake, na huku makaburi ya wazee yanapitiwa na jembe! Shirika lile limekwisha kuondoka, lakini kaburi lililolimwa halirudi.

Huenda mmoja wetu akasema, "Hao si wenzetu katika dini, na sisi hatukuamrishwa kuyainua makaburi." Ni kweli, desturi yao si yetu. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alisimama lilipopita jeneza la Yahudi, na alipoambiwa ni la nani, akawakumbusha watu kuwa naye ni nafsi. Tena tumekatazwa kukalia kaburi; seuze kulilima!

Na tujitazame sisi wa pwani. Makaburi ya Kaole na Kunduchi ndiyo yanayotushuhudia kuwa wazee wetu waliishi hapa karne nyingi. Je, makaburi ya mitaani kwetu yako katika hali gani? Mangapi yameota magugu, na mangapi yamepakana na misingi ya nyumba?

Basi mchukue mwanao kuzuru. Mtajie jina la babu yake na la baba wa babu yake. Ng'oeni majani, muwaombee marhumu. Na ukisikia kaburi la mwengine linavunjwa, awe wa dini yako au si wa dini yako, usinyamaze, kwani aliyelala humo hana ulimi wa kujitetea.

Wabillahi tawfiq.