Tangazo Lilivyotoka Pembeni Likaja Mbele

Vijana wengi ninaofanya nao kazi hapa Nakivale hawajawahi kuwa na kompyuta. Intaneti yao yote iko ndani ya simu. Ndiyo maana naandika historia hii fupi: ukitafuta kitu Google, kwa nini cha kwanza kutokea mara nyingi ni tangazo?

Oktoba 2000, Google walianza kuuza matangazo kwa mfumo wa AdWords, wakiwa na wateja 350 tu. Mwenye biashara alichagua maneno. Ukiandika neno lake, tangazo lake linatokea. Kioo cha kompyuta kilikuwa kipana, basi majibu yalikaa kushoto na matangazo mengi yakakaa kulia, pembeni. Mpaka ulionekana kwa macho.

Halafu zikaja simu. iPhone ilitoka 2007, simu ya kwanza ya Android 2008. Hapa Uganda wengi bado walikuwa na kitochi, kwa hiyo mwaka 2009 Google, MTN na Grameen Foundation walileta huduma ya SMS. Mtu aliuliza swali la kilimo au afya kwa ujumbe, akajibiwa. Kupitia Google Trader aliweza hata kutangaza mazao yake.

Mwaka 2015 Google walisema kwamba katika nchi 10, zikiwemo Marekani na Japani, watu wanatafuta zaidi kwa simu kuliko kwa kompyuta. Februari 2016 wakaondoa matangazo ya upande wa kulia hata kwenye kompyuta.

Simu haina pembeni. Tangazo na jibu vinapangwa juu na chini kwenye mstari mmoja, na aliyelipa anaweza kukaa juu. Mpaka uliobaki ni neno dogo. Kwenye simu ya Kiingereza liliandikwa "Ad". Oktoba 2022 likawa "Sponsored", yaani limelipiwa. Na wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa kule Kongo!

Sasa fikiria kijana anayetafuta skolashipu, au mama anayetafuta habari za kupelekwa nchi ya tatu. Bando linaisha, anabonyeza cha juu. Aliyelipia nafasi ile anaweza kuwa chuo cha kweli, anaweza pia kuwa ajenti anayeuza fomu. UNHCR haiuzi nafasi ya nchi ya tatu. Ni bure. Anayekudai pesa kwa ajili hiyo ni mwizi, hata akitokea wa kwanza.

Kwa hiyo vijana, kabla ya kubonyeza, soma lile neno dogo, kisha shuka chini kidogo. Nanyi wafanyakazi wa mashirika, msituambie tu "angalieni kwenye intaneti". Andikeni anwani kamili ya tovuti ubaoni, herufi kwa herufi, tuiandike wenyewe bila kupita kwa aliyelipa.