Virusi vya mkamba wa kuku: mabadiliko ndani ya mayai

Virusi vya mkamba wa kuku (IBV) ni virusi vya jamii ya korona vinavyoshambulia njia ya hewa ya kuku. Baadhi ya aina zake hufika hadi kwenye figo na mirija ya mayai. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1931 huko North Dakota, Marekani. Mwaka 1937 Beaudette na Hudson walifaulu kuviotesha virusi hivyo katika mayai yenye kiinitete.

Upitishaji

Yai lililoatamiwa siku 9 hadi 11 hutobolewa ganda, virusi vikadungwa kwenye mfuko wa alantoisi, tundu likazibwa, na yai likarudishwa kwenye mashine ya kuangulia. Baada ya siku moja au mbili majimaji huvunwa na kudungwa yai jingine; huo ni mzunguko mmoja. Katika mizunguko ya mwanzo viinitete vingi havifi, ila hudumaa na kujikunja kama ngumi. Mizunguko ikizidi, vifo huzidi. Aina ya Beaudette, iliyopitishwa mara mamia, huua kiinitete kwa takriban siku mbili, ilhali kuku haimdhuru. Kwa bahati mbaya, kinga inayompa ni hafifu mno.

Virusi hivi hukosea vinapojinakili, hivyo tone moja huwa na vizazi vyenye tofauti ndogondogo. Kiinitete hakina kinga iliyokomaa, na huko vinavyozaliana upesi ndivyo vinavyotamalaki, hata vikipoteza uwezo wa kuumiza koo la kuku. Wengi walidhani siri ya kupoteza ukali iko kwenye protini ya miiba iliyo juu ya virusi. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza waliipa Beaudette miiba ya M41, aina kali, lakini haikurudia ukali. Mabadiliko muhimu yalikuwa pia kwenye jeni za kujinakili.

H52 na H120

Upitishaji huohuo ndio uliozaa chanjo hizi maarufu, zilizotoka Uholanzi miaka ya 1950, kutokana na virusi vya asili moja. Namba ni idadi ya mizunguko: H120, iliyo pole zaidi, hupewa vifaranga, H52 huwafaa kuku wakubwa waliokwisha kuchanjwa.

Kurudi kwa ukali

Chanjo hai kama hizi zikipita kuku hadi kuku huweza kuwa kali tena, hasa chanjo isipowafikia wote bandani.

Matumizi ya sasa

H120 bado inauzwa, mara nyingi ikichanganywa na chanjo ya kideri.