Jiko la Leningrad

Baridi ya kambini tunaijua, jamani, ila ya Leningrad majira ya baridi ya 1941 ilikuwa nyingine. Jeshi la Wajerumani liliuzingira mji kuanzia Septemba 8. Umeme ukakatika, mabomba ya joto yakapoa. Watu wakarudia burzhuika, jiko dogo la chuma walilolijua tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jiko la matofali hutunza joto, lakini linakula kuni nyingi. Hili hupoa upesi, ila vipande vya kiti vilitosha kupasha chumba kimoja, familia nzima ikahamia humo. Moshi waliutoa kwa bomba dirishani. Sisi je? Tunaingiza makaa ndani, tunafunga, tunalala. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua.