Pumu ya ngozi: Sindano ipo, lakini tiba huanzia nyumbani

PUMU ya ngozi, ambayo ni aina ya ukurutu, haiambukizi wala haitokani na uchafu au kurogwa. Hutokea ngozi inaposhindwa kuhifadhi unyevu na kinga ya mwili ikashambulia pasipo adui. Ngozi hukauka, hupasuka na kuwasha, hasa usiku, hata mtoto akakosa usingizi na kusinzia darasani.

Mjini Butali, kwenye barabara ya Kakamega kuelekea Webuye, wakazi wengi hutegemea kilimo cha miwa. Joto na jasho la shambani huzidisha muwasho.

Mnamo Machi 2017, Marekani iliidhinisha dupilumab, dawa ya kwanza ya kibayolojia kwa watu wazima wanaougua maradhi haya kwa kiwango cha wastani au kikali. Juni 2022, idhini hiyo ilipanuliwa hadi kwa watoto wa miezi sita. Dawa hii huzuia ujumbe wa kinga unaochochea uvimbe na muwasho. Mtu mzima hudungwa chini ya ngozi kila baada ya wiki mbili. Haiponyi kabisa bali hutuliza, na baadhi ya wagonjwa hupata macho mekundu.

Kikwazo kikubwa ni bei. Ilipoanza kuuzwa Marekani, ilitangazwa kuwa takriban dola 37,000 kwa mwaka, kiasi kisichofikiwa na mkulima wa kawaida.

Hata hivyo, wagonjwa wengi hawahitaji sindano hiyo. Hatua ya kwanza ni kuepuka sabuni kali na kujipaka mafuta mazito ya mgando mara tu baada ya kuoga. Ngozi ikiwaka, daktari huagiza krimu ya steroidi kwa muda maalumu. Ikishindikana, zipo dawa za bei nafuu kama methotrexate, ambayo huhitaji kupimwa damu na ini mara kwa mara, na ni mwiko kwa mja mzito.

Hatari kubwa ni krimu za sokoni zisizo na maelezo. Baadhi huwa na steroidi kali ambazo hutuliza kwa siku chache, kisha huikondesha ngozi.

Iwapo nyumba nzima inajikuna, huenda huo ni upele, ambao huambukiza na una tiba yake. Asiyepata nafuu aombe rufaa hadi hospitali ya kaunti mjini Kakamega.