Nyoka na Kipimo cha Nyumba Yake

Siku moja vijana wa ngoma walituletea mtoto wa chatu ndani ya bidoni ya njano, mdomo wa bidoni umefungwa kwa kitambaa. Walitaka tumfuge kwa ajili ya sikukuu za utamaduni. "Mzee, kanyoka kadogo, kanaenea humu," mmoja alisema. Kweli, urefu wake haukupita mkono wa mtu. Njo maana tukaanza kuulizana: waliofuga nyoka mbele yetu waliwapa nyumba ya kipimo gani?

Katika masimulizi yetu ya Kiluba, nyoka mkubwa si kitu cha kufungia. Upinde wa mvua, nkongolo, ni nyoka, na wengine husema ni nyoka wawili wanaokutana juu mbinguni. Ukitokea, mvua inakatika. Jina hilo alilichukua Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, ambaye hakuna shamba wala nyumba iliyomtosha. Yeye ndiye aliyechimba shimo, akasimika mikuki chini, akalifunika kwa mkeka ili Kalala Ilunga aanguke akicheza. Mlio wa ngoma ukamwonya, Kalala akaponyoka. (Kila mzee wa hapa Bukama ana namna yake ya kulisimulia shimo lile, na kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo ya kweli.)

Wenye desturi ya kucheza na nyoka tunawapata mbali zaidi, Usukuma, kusini ya ziwa Victoria. Huko kuna chama cha Bayeye. Tusiwachanganye na Bayeke wa Msiri waliotoka Unyamwezi katika karne ya 19 wakaweka makao yao Bunkeya, hata kama Wasukuma na Wanyamwezi ni majirani. Hans Cory aliandika juu ya Bayeye mwaka 1946. Wanajua dawa za kuumwa na nyoka, na katika ngoma mchezaji humvika chatu shingoni mbele ya watu. Kule Bujora, karibu na Mwanza, kwenye makumbusho aliyoyaanzisha Padri David Clement, ngoma zao zimeendelea kuonekana.

Halafu wakaja watu wa masanduku. Mwingereza C.J.P. Ionides, aliyekufa mwaka 1968, alikamata maelfu ya nyoka kusini mwa Tanganyika, wengine akawapeleka ng'ambo. Sanduku la namna hiyo ni la safari. Nyoka hukunjwa humo siku chache, basi. Mwaka 1961 Nairobi ilifungua bustani yake ya nyoka kando ya makumbusho, na hapo nyoka walikaa nyuma ya vioo, wengine katika mashimo ya wazi yenye ukuta.

Kwa muda mrefu wafugaji wengi wa Ulaya waliona sanduku dogo linatosha, kwa kuwa nyoka hupenda kujikunja. Siku hizi wengi wanasema hapana: aweze kujinyosha mwili mzima, awe na upande wa joto na upande wa baridi, maji ya kuingia, na pa kujificha. Pa kujificha ni muhimu hasa kwa mdogo, kwani akiwekwa mahali papana na patupu anaweza kukataa kula.

Sasa tupige hesabu. Chatu mzima ni mita 3 au 4, mara nyingine anapita 5. Nyumba yake itakuwa chumba kizima, na hapa kwetu kuna familia zinazolala katika chumba cha namna hiyo. Nani atamwachia? Na kuku wa kumlisha atatoka wapi?

Tulimpeleka kwenye matete ya Lualaba, tukafungua bidoni. Alichelewa kutoka. Vijana walitukasirikia wiki nzima, kiisha wakashona nyoka wa kitambaa wa mita 5, na siku ya sikukuu watu sita walimbeba.