Krosova: hesabu ya 1930 ndani ya gari lako

Ukienda kununua krosova ya redio ya gari, muuzaji atakuonyesha taa na rangi. Wewe muulize: ni Butterworth au Linkwitz-Riley?

Stephen Butterworth, mwanafizikia Mwingereza, alichapisha hesabu za vichujio vyake mwaka 1930. Shida ni pale wufa inapoachia na twita inapopokea: kila moja imeshuka desibeli 3 tu. Kwa mteremko wa desibeli 24 kwa oktavu, zikijumlika hapo zinazidi kwa desibeli 3. Kinundu hicho utakisikia.

Mwaka 1976 Siegfried Linkwitz wa Hewlett-Packard akachapisha dawa, akishirikiana na mwenzake Russ Riley: panga vichujio viwili vya Butterworth vya desibeli 12, kimoja nyuma ya kingine. Sasa kila upande unashuka desibeli 6, na jumla ni tambarare. (Sisi waandika programu tunaijua raha hii, kuita kazi ileile mara mbili na tatizo likaisha!)

Mimi huchagua hiyo. Lakini twita ikikaa kwenye dashibodi na wufa mlangoni, sauti hazifiki sikioni pamoja na hesabu inavurugika. Basi tafuta krosova ya kidijitali inayoweza kuichelewesha spika iliyo karibu.